Uzi: Mimea ya porini kwenye gemu za koloni imebaki pambo tu. Wewe ungeongeza mmea gani?

#1 Jembe_Butu
Wakuu, salaam.

Jana nimefunga mwaka wa nne kwenye koloni langu la RimWorld, ile gemu ya kuendesha kijiji cha watu. Watu 11, friji limejaa, mpunga unavunwa hadi unakosa pa kuwekwa. Nikavuta kamera nyuma nione ramani yote, nikajiuliza: mara ya mwisho kubofya mmea wa porini ilikuwa lini? Siku ya sita. Nilichuma vichaka viwili vya matunda kwa sababu ya njaa. Tangu hapo pori ni rangi ya kijani tu nyuma ya ukuta. Mti ukinizuia kujenga naukata, basi.

Wanyama wa porini wana vituko. Ngiri akipandwa na wazimu, kijiji kizima kinajifungia ndani. Lakini nyasi hazijawahi kumkimbiza mtu.

Kwa nini iko hivi, na mngeongeza mmea gani? Sharti moja tu: usilete mmea "unaotoa chakula kingi zaidi". Huo ni mpunga uliobadilishiwa jina.

#2 Kipanya_Mweusi
Nyasi hazijawahi kumkimbiza mtu? Subiri radi ipige kiangazi huku upepo unaelekea kwako, uje utusimulie.

#3 ShambaLaMwisho
Jibu ni jepesi mkuu. Shamba lina uhakika kupita kiasi. Ukishapiga mraba wa shamba la kwanza, pori halina tena cha kukupa. Hata mzizi wa tiba, ile healroot, watu wanaukumbuka kwa sababu haupandiki, lazima uufuate porini. Mimea mipya wangeifanya yote isipandike, tatizo kwisha.

#4 FundiModi
#3 umechanganya kidogo. Healroot inapandika, ila mpandaji awe na ujuzi wa mimea usiopungua 8. Isiyopandika ni ambrosia. Hiyo inaota yenyewe kama tukio, unavuna ukiwahi, na watu wako wanapata furaha pamoja na uraibu.

Lakini hoja yako haijafa. Ambrosia inakumbukwa kwa sababu huiamuru. Inakuja ikitaka.

#5 ShambaLaMwisho
Nimekubali, nimekosea mzizi. Asante.

#6 Kamanda64
Mnazunguka mbuyu. Sababu ni kompyuta. Ramani ya kawaida ni 250 kwa 250, yaani vigae 62,500. Kila mmea ukiwa na akili yake, gemu inakwama. Mtengenezaji hana ujinga, ameamua mimea ilale ili watu watembee.

#7 FundiModi
#6 hapana. Nimekaa ndani ya mafaili ya hii gemu zaidi ya nilivyokaa na ndugu zangu. Mmea haukokotolewi kila mpigo wa saa ya ndani ya gemu. Siku moja ya RimWorld ina mipigo 60,000, na mmea unaangaliwa mara moja kila mipigo 2,000. Mara 30 kwa siku. Ukiongeza swali moja dogo kwenye ule ukaguzi, mfano "kuna mtu amenikanyaga?", hutaona tofauti.

Kinachoua kompyuta ni watu na wanyama kutafuta njia.

#8 Kamanda64
Sawa, ila ukaguzi mara 30 kwa siku maana yake mmea hauwezi kushtuka papo hapo. Mtu amekanyaga saa mbili, mmea unajua saa tatu kasorobo. Ndiyo sababu hauwi hai.

#9 Kipanya_Mweusi
Kama mlinzi wangu wa zamu ya usiku.

#10 Bi_Mnanaha
Habari zenu. Mimi si mtu wa kompyuta, ni mtu wa mimea, gemu nimeambukizwa na mwanangu. Naona mnatafuta mimea ya kubuni wakati ya kweli ina vituko kuliko vyote mlivyotaja.

Chukueni mgunga wenye vibofu, ule mdogo wa miiba mirefu. Baadhi ya miiba yake huvimba pale chini, ikawa na uwazi ndani, na chungu wanatoboa mlango wakakaa humo. Upepo ukipita kwenye vile vitundu, mti unapiga mluzi. Mti unawalisha chungu utomvu mtamu, chungu wanamuuma yeyote anayekuja kula majani, hata tembo anaukwepa.

Sasa sikilizeni utamu wake. Watafiti walizungushia miti hiyo uzio, wanyama wakubwa wasiifikie kwa miaka 10. Mngetegemea miti inawiri. Wapi! Mti ulipoona hauliwi, ukapunguza vibofu na utomvu. Chungu walinzi wakapungua nguvu, chungu wa aina nyingine wasiolinda wakaingia, wadudu wanaotoboa mashina wakafuata, na miti ikakua polepole na kufa zaidi kuliko ile iliyokuwa inatafunwa.

Ndani ya gemu ungekuwa ukuta ulio hai. Mvamizi akipita anaumwa. Ila ukiwinda swala wote wa karibu na kijiji, ukuta wako unasinzia, na hakuna ujumbe utakaokuambia. Utaona tu siku moja ule mluzi umepungua.

#11 Jembe_Butu
Bi, umenimaliza. Hiki ndicho nilikuwa nakitafuta na sikujua jina lake. Mmea unaobadilika kwa sababu ya kitu nilichofanya mbali nao.

#12 Mpita_Njia
Swali la nje ya mada: hawa watu wetu tuwaite nani? Nimeona modi ya tafsiri, yaani nyongeza ya wachezaji, imewaandika "wakoloni". Nimekaa na wakoloni 11, wanalima, wanalala kwenye vyumba vya mawe, na mimi ndiye ninayewapikia. Historia imegeuka.

#13 Kipanya_Mweusi
Waite walowezi.

#14 Mpita_Njia
Hapo ndiyo umenisaidia nini?

#15 Nyuki_Mkali
Tuache siasa. Nataka upupu.

Nikiwa darasa la tatu mpira uliingia kichakani, nikaufuata. Yale maganda yana manyoya laini ya rangi ya kahawia, yanapendeza kabisa, ukiyaona utadhani ni mahameli. Nikayasukuma kwa mkono nipite. Nilianza na kiganja, nikajikuna shingoni, basi nikawa nimeyahamisha mwenyewe. Nikavua shati, likapita usoni. Yaani kila nilichofanya kujiokoa kilieneza muwasho zaidi. Mpira hatukuupata.

Kwenye gemu: mtu anapita kwenye upupu wakati wa ukame, anapata muwasho, kasi ya kazi inashuka, na nguo aliyovaa inabeba manyoya. Akilala kitandani, shuka linabeba. Mwenzake akilala hapo, naye. Unabaki unafuatilia muwasho kijiji kizima kama mpelelezi. Na upepo ukivuma kutoka upande ule siku ya kiangazi, wote mnajikuna.

#16 ShambaLaMwisho
Na wavamizi je? Maana mimi nishaona njia yangu ya kuingilia yote upupu kushoto na kulia.

#17 Nyuki_Mkali
Wanaweka bunduki chini wajikune. Ndiyo maana halisi ya usitishaji vita.

#18 FundiModi
Nguo kubeba ugonjwa ni kazi ya kuandika programu kwa C#, si kujaza faili la data la XML. Mmea mpya wa kawaida ni mistari michache tu: unaandika unaota kwenye mazingira gani, kwa wingi gani, na kama unaota kwa makundi. Tabia ndiyo gharama. Upupu naukadiria wiki mbili za usiku. Mgunga wa Bi, mwezi.

#19 Kamanda64
Nabadilisha hoja, kompyuta niliyumba. Tatizo ni kwamba mchezaji anajua kila kitu. Unasogeza kipanya juu ya mmea, gemu inakusomea jina, unaliwa au hauliwi, umekua asilimia ngapi. Pori halina siri. Mnyama anatisha kwa sababu hujui atageuka lini. Mmea unajieleza wenyewe kama mtu anayeomba kazi.

Mngeondoa yale maandishi. Mmea uitwe "kichaka chenye matunda mekundu" mpaka mtu wako mwenye ujuzi auchunguze, au mpaka mjinga mmoja aule.

#20 Bi_Mnanaha
Kamanda, hilo lingefaa sana kwa mti uitwao manchineel, wa ukanda wa Karibi. Tunda lake linafanana na tofaa dogo, na wanaolionja husema mwanzo ni tamu, kisha koo linawaka. Utomvu wake unababua ngozi. Mvua ikinyesha umejikinga chini yake, matone yanayotiririka kwenye majani yanatosha kukutoa malengelenge. Na ukichoma kuni zake moshi unaumiza macho.

Sasa wazia mchezaji asiyejua. Anapata jeraha la kwanza siku ya mvua, anadhani ni mvua ya sumu. La pili jikoni, anadhani mpishi kajiunguza. Sehemu mbili tofauti, mti mmoja.

#21 Jembe_Butu
Ukitokea mti huo nitamlaumu kila mtu kijijini kabla ya kuutazama mti.

#22 ShambaLaMwisho
Napinga #19. Kuficha jina kunafurahisha mara moja. Koloni la pili unajua kila kitu, au umesoma mtandaoni. Siri inaisha. Uhaba hauishi. Narudi palepale, tatizo ni chakula kuwa rahisi.

#23 Kamanda64
Basi majina yachanganywe upya kila ramani. Tunda jekundu la jana dawa, la leo sumu.

#24 Bi_Mnanaha
Hapo mwanangu umeharibu. Mmea ukibadilika kila ramani hakuna tena cha kujifunza, umebaki kamari. Mtu aliyekaa na pori anajua kwa jani, kwa harufu, kwa jirani zake. Hebu tengenezeni dalili, si bahati nasibu.

#25 Mpita_Njia
Mimi nina la mianzi. Niliwahi kusoma kwamba mianzi hutoa maua mara moja kila miaka 100, ikifa yote kwa pamoja, na panya wanakula mbegu zake wanazaana hadi wanamaliza mashamba. Hilo ni tukio tayari. Halihitaji kubuniwa.

#26 Bi_Mnanaha
Ni kweli ila miaka hutofautiana kwa aina. Unaousema wa panya ni wa Mizoram, kaskazini mashariki mwa India, na mwanzi huo huchanua takriban kila miaka 48. Kuna mwingine wa Asia ya Mashariki ambao huchukua kama miaka 120. Mizoram ulichanua miaka ya 1958 na 1959, panya wakafumuka, njaa ikafuata. Ulirudi tena kati ya 2006 na 2008. Panya wakishamaliza mbegu za mwanzi hawaondoki, wanahamia kwenye mpunga na maghala.

#27 FundiModi
Mwaka wa RimWorld ni siku 60. Miaka 48 ni siku 2,880. Nani kawahi kufika huko?

#28 Kipanya_Mweusi
Nimeitwa mara tatu humu ndani sasa. Panya wana haki zao.

Fundi, fanya miaka minne lakini usimwambie mchezaji. Miaka yote hiyo anakata mianzi kwa raha, inaota haraka, anajengea kila kitu. Siku moja inachanua ramani nzima, inapendeza, watu wanapata raha ya mandhari, anapiga picha anatuletea hapa. Sisi tunaojua tunamwambia "hongera mkuu, picha nzuri."

#29 Jembe_Butu
Ukatili huu nauunga mkono.

#30 ShambaLaMwisho
Mwanzi umenipeleka mahali pengine. Tunazungumzia pori kama kitu kilicho nje ya shamba. Na pori likiingia shambani? Kiduha. Ni gugu, wanaolima mahindi wanakijua. Ua zuri la zambarau, dogo, halina dalili ya ubaya. Mbegu zake kama vumbi, mmea mmoja unamwaga maelfu kwa maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Hazioti hadi zinuse mizizi ya mahindi au mtama. Zikiota zinajichomeka kwenye mzizi na kunyonya kabla hujaona chochote juu. Ukiliona ua, mahindi yako yameshadumaa.

Kwenye gemu sisi wote tunapanda mahindi mraba uleule mwaka hadi mwaka. Kiduha kingekuwa adhabu ya uvivu. Ung'oe kabla hakijatoa mbegu, ubadilishe zao, au upande desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari, ambayo inaziamsha zile mbegu bila kuzipa cha kunyonya, zinakufa.

#31 Nyuki_Mkali
Mkuu si wewe uliyesema chakula ni rahisi mno? Umejijibu mwenyewe. Tatizo halikuwa pori kukosa cha kutoa. Shamba halina adui.

#32 ShambaLaMwisho
Sijajijibu. Ule ukungu wa mazao upo tayari na ni adui. Unakuja, unachoma mimea iliyougua, unaendelea. Haujabadilisha namna ninavyoliona pori hata chembe.

#33 Kamanda64
Angalieni mimea ambayo watu wanaisimulia kwenye RimWorld. Mti wa anima, uliokuja na nyongeza ya gemu iitwayo Royalty mwaka 2020: ukijenga karibu nao unapoteza nguvu, ukiukata watu wanaumia akilini. Mti wa harbinger, nyongeza ya Anomaly, 2024: unakula maiti. Yote ni mazingaombwe. Mmea wa kawaida haujapewa nafasi kwa sababu, nadhani, wabunifu wanaamini ukawaida hausisimui.

#34 FundiModi
Umesahau polux ya nyongeza ya Biotech, 2022. Inasafisha uchafuzi wa ardhi. Hiyo si mazingaombwe sana, ni kazi tu.

#35 Kamanda64
Nao ni mti. Nitajie kichaka.

#36 FundiModi
Nitakujibu kesho.

#37 Nyuki_Mkali
Kwa jina langu hili nilikuwa nachelewesha, ila leo lazima. Nyuki. Si mzinga wa modi unaotoa asali kama bomba la maji. Asali itokane na maua yaliyoko porini karibu. Kuna maua ya jamii ya rododendroni yenye sumu ambayo nyuki hawaidhuru, ila asali yake inamlaza mtu. Mwaka 401 KK askari wa Kigiriki waliokuwa wakirudi nyumbani kupitia milima ya karibu na Bahari Nyeusi walikula asali ya namna hiyo. Wakaanguka kama walevi, wakatapika, hawakuweza kusimama, na baada ya siku chache wakainuka.

Kwa hiyo pori la upande wa mashariki ndilo linaamua kijiji chako kitaamka au hakitaamka. Na ukiliacha zao hilo kwenye ghala, wavamizi wakiiba, nawatakia safari njema.

#38 Mpita_Njia
Kila wazo lako linaishia kwa mvamizi kulala chini.

#39 Nyuki_Mkali
Nina watu watano na bastola moja, unategemea nini?

#40 Bi_Mnanaha
Nami naongeza kimoja kidogo nilale. Kifauongo. Ukiugusa majani yanajikunja, baada ya dakika kadhaa yanafunguka tena. Uote kwa makundi kuzunguka kijiji. Usiku hamuoni mtu, lakini mnaona mstari wa majani yaliyojikunja unasogea kuelekea ghalani. Hauumi, hauliwi, hauuzwi.

#41 Jembe_Butu
Bi, huo ndio nauchagua. Sihitaji hata uharibu kitu. Nataka tu kuona ule mstari.

#42 Kamanda64
Fundi alisema mmea unaangaliwa mara 30 kwa siku. Mstari utatokea mwizi akiwa ameshafika kwao. Narudia hoja yangu ya #8, mliidharau.

#43 FundiModi
Kaka, si lazima mmea ujiangalie. Mtu anayetembea ndiye anayeuambia. Akiingia kigae chenye kifauongo, kigae kinabadili picha, saa inaanza kuhesabu. Mmea wenyewe unabaki umelala. Nimejaribu sasa hivi kwa nyasi za kawaida na mistari kama 40 ya C#. Imekubali, ila kuna jambo: kuku wangu nao wanakunja kila kitu. Uwanja mzima umejikunja.

#44 Kipanya_Mweusi
Kengele ya hatari iliyowekewa kuku. Ni usalama wa taifa huu.

#45 Bi_Mnanaha
Kuku ni mwepesi lakini anachakura, lazima utakunjika. Huo mmea unajikunja hata kwa tone la mvua. Usilirekebishe hilo, ndivyo ulivyo.

#46 ShambaLaMwisho
Kwa hiyo usiku wa mvua hauna kengele. Nishajua wavamizi watakuja lini.

#47 FundiModi
Naiacha hivyo basi. Bi, naomba utuelezee jani linavyojikunja, kwanza vijani vidogo vinafumbana halafu kikonyo kinaanguka, au vyote kwa pamoja? Nachora picha tatu tu, sitaki nikosee.

#48 Bi_Mnanaha
Vijani kwanza, jozi kwa jozi kuanzia ulipogusa. Kikonyo kinafuata ukiwa umegusa kwa nguvu. Upande wa chini wa jani umepauka zaidi, kwa hiyo ukijikunja rangi ya eneo lote inabadilika. Chora hiyo rangi hata kama utaacha vingine.

#49 Kamanda64
Na kichaka changu, Fundi? Kesho imeshafika.